Jogoo wa Nyumba Mbili

Juzi nilikwama Tunduma karibu kutwa nzima, nikisubiri mzigo wa duka langu uvuke mpaka. Unapajua pale: malori yamepangana hadi macho yanachoka kuyafuata, na vijana wa kubadilisha kwacha wanakusalimia "mulishani" ya ng'ambo hata kabla hawajajua kama wewe ni wa huku au wa ng'ambo. Nilikuwa nimekaa kwa mama lishe mmoja, sahani ya wali mapajani, jogoo akawika nyuma ya lori la mbao. Hakuwika kwa ule mlio mrefu tuliouzoea. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na ilikatika ghafla. Nikaacha kula. Mama lishe akaniuliza kama wali una mawe.

"Hauna, mama," nikamjibu. "Nimemsikia kuchi."

Akanitazama, akaona sina la maana, akaenda kuwahudumia wengine. Mimi nikabaki pale na wali wangu unapoa, kimawazo nimerudi kijijini kwetu Ruanda, nyumbani kwa bibi yangu, enzi ambazo mkoa wetu bado ulikuwa haujagawanywa na sisi wote tukihesabiwa watu wa Mbeya.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Mama alikuwa amepanga chumba Tunduma na kuuza vitenge, na mpakani, alisema, si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Kwa hiyo nilikua kwenye migomba na mibuni ya bibi, katika nyumba ya tofali za kuchoma, jiko likiwa pembeni limeezekwa nyasi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulikuwa unashuka asubuhi mpaka humwoni mtu aliyesimama kwenye banda la mbuzi. Tulikunywa uji wa ulezi tukiwa tumezunguka moto, na bibi aliimba nyimbo za kwaya ya Kimoraviani kwa Kinyiha, sauti ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo aliyokuwa akiimba kanisani na hakutaka kuisahau.

Kwenye jiko hilo waliishi kuku. Siyo kuku wa kawaida, na hapa ndipo ninapotaka kukueleza.

Bibi alikuwa akipeleka maharage Tunduma kwa mzee mmoja mwenye duka la magunia na kamba. Mzee huyo alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, kofia yake nyeupe haikuwahi kuwa na doa japo alikaa katikati ya vumbi la magunia. Nyuma ya duka alifuga kuchi. Siku ya kwanza bibi kuwaona alisahau kupimiwa maharage yake. Kuku hao walisimama wima kama watu. Shingo ndefu, kifua kipana chenye manyoya haba mpaka ngozi nyekundu inaonekana, miguu ya njano minene kama vidole vya mtu mzima, kilemba kidogo kimebana juu ya kichwa, na macho ya kukutazama wewe badala ya kutazama ardhi.

Bibi aliomba kununua. Mzee alikataa. Msimu uliofuata akaomba tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu nilikuwepo, nimeshika ncha ya kanga yake.

"Mama mkulima," mzee alimwambia, "nikikupa utamlaza wapi? Huko kwenu nasikia baridi."

"Jikoni kwangu, Mzee. Karibu na moto."

"Na akija mgeni mkubwa? Mchungaji, tuseme. Utamchinja?"

Bibi alifikiri. Ujue, kwetu kumpokea mchungaji bila kuku ni aibu. "Mchungaji atakula wengine," akasema mwishoni. "Huyu atamwona tu."

Mzee alicheka hadi akashika mlango. Siku hiyo tuliondoka na jogoo mwekundu na mitetea wawili kwenye tenga, na ndani ya basi tulilorudi nalo kila mtu alitaka kufunua kitambaa achungulie.

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuwaona. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mpika maarufu wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na bibi hakumpenda sana kwa sababu ya hicho kimpumu. Waliheshimiana kwa salamu tu. Jirani alizunguka tenga, akainama, akainuka.

"Hawa wamenyonyoka au ndivyo walivyo?"

"Ndivyo walivyo."

"Basi umeuziwa ngazi, jirani. Utapandia darini."

Habari ilienea. Kwa majuma kadhaa watu waliokuja kunywa kwake walivuka njia kuja kuona ngazi za bibi. Bibi alisimama mlangoni mikono kifuani, akiwajibu maswali kwa upole, na walipoondoka alikuwa anafagia uwanja kwa nguvu kuliko uwanja ulivyohitaji.

Nilikabidhiwa kazi yao. Jioni nilifukia chungu kilichovunjika kwenye kichuguu, ndani nimeweka mavi makavu ya ng'ombe na mabua, na asubuhi nilikuta kimejaa mchwa weupe wanaotambaa. Nikiwamwaga uwanjani, kuchi hawakugombania kama kuku wengine. Jogoo alitangulia, akadonoa mmoja, akamtupa, akaita mitetea kwa kuguna chini chini, nao wakaja kwa hatua ndefu. Mvua za kwanza zilipoleta kumbikumbi, tuligawana nao: wao waliokota chini, sisi tulikaanga kwa chumvi. Baadaye jirani mwenyewe akaanza kutuletea machicha ya kimpumu kwenye ungo, akisema ni dhambi kuyatupa. Bibi aliyapokea bila kuuliza yametoka wapi, ingawa harufu ilijieleza. Jogoo aliyapenda mno. Akimaliza kula alikuwa akisimama juu ya kinu na kuwika hovyo hata kama ni mchana.

Tatizo la kuchi ni kwamba mama zao ni wazito. Mtetea akikaa juu ya mayai anayavunja, na hataki kukaa kwa muda mrefu. Mayai ya kwanza yote yaliharibika. Bibi alijua dawa yake, kwani mzee wa Tunduma alishamweleza: tafuta kuku mdogo wa kienyeji mwenye utulivu, umwekee mayai hayo. Tatizo ni kwamba kuku mtulivu kuliko wote kijijini, mdogo mweusi asiyeondoka kwenye kiota hata umwite kwa mtama, alikuwa wa jirani.

Nakumbuka bibi alivyojiandaa kwenda kuomba. Alioga, akavaa kanga yake ya Jumapili, akabeba mayai kwenye kikapu cha majani makavu. Mimi nilimfuata. Jirani alikuwa anachekecha ulezi.

"Nimekuja kukusumbua," bibi alisema. "Nataka kuazima kuku wako mweusi."

"Kuazima kuku kama unavyoazima sufuria?"

"Anilalie mayai haya. Vifaranga wakitoka, tutagawana."

Jirani aliyatazama mayai. Alichukua moja, akalipima mkononi, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Makubwa haya," akasema. Akamweka kuku wake ndani ya nyumba, pembeni ya mitungi ya kimpumu, ndani ya kapu kuukuu, mlango ukifungwa ili watoto na mbwa wasimfikie.

Juma lililofuata kideri kiliingia kijijini.

Kama hujawahi kuona kideri, mshukuru Mungu. Asubuhi kuku wamezubaa, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Jioni shingo zinapinda. Kesho yake unaokota mizoga. Wa jirani walikufa wote waliokuwa wakizurura uwanjani. Wetu wa kawaida walifuata. Mitetea wawili wa kuchi walikufa asubuhi moja, na jogoo mwekundu alisimama siku nzima akiegemea ukuta wa jiko, bibi akimdondoshea maji ya pilipili mdomoni kwa kijiko, maana hiyo ndiyo dawa tuliyoijua. Alikufa akiwa amesimama. Nilidhani amelala.

Bibi hakulia mbele yangu. Alichimba shimo mwenyewe nyuma ya mibuni na akakataa nimsaidie. Jirani alivuka njia akiwa na jembe lake, akaanza kuchimba upande wa pili wa shimo lile lile, kisha akaleta kuku wake mwenyewe kwenye beseni na wakawazika pamoja, wa ngazi na wa kawaida. Walipomaliza, bibi alimwuliza swali moja tu.

"Yule wa ndani?"

"Bado anakula."

Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia nyumba ile isipokuwa jirani mwenyewe. Aliacha kupika kimpumu, wateja wake wakanung'unika. Alivua viatu mlangoni, akanawa miguu kwa maji ya majivu kabla ya kumpelekea kuku chakula. Bibi alikuwa akipiga hodi kutoka njiani, hakanyagi uwanja, na jirani anajibu kutoka ndani: anakula, anakunywa, amegeuza mayai. Watu wazima wawili wakipigiana kelele kuhusu kuku mmoja, na mimi katikati ya njia nikisikiliza.

Bwana mifugo alifika ugonjwa ukiwa umeshapungua. Alikuwa kijana mpole, pikipiki yake imefunikwa tope. Wanawake wale wawili walimwita na akakaa nao kwenye benchi, akawaeleza kuhusu chanjo ya matone ya jicho, lini waanze kwa vifaranga na lini warudie. Bibi alimsikiliza kama anavyosikiliza mahubiri. Kuanzia mwaka ule hakukosa hata mara moja, na kila aliyekuja kutaka kuchi kwake alimwuliza kwanza kama anamjua bwana mifugo.

Vifaranga walitoka wakati wa baridi, wakati mbaya kuliko wote. Kifaranga wa kuchi huchelewa kuota manyoya. Anakuwa na miguu mirefu na mwili mtupu, anatetemeka kama mtoto aliyetolewa majini. Walilala jikoni kwetu na mama yao mweusi, ndani ya boksi lenye maranda, bibi akipasha matofali motoni na kuyafunga kwa magunia kuwazungushia. Hata hivyo baridi iliwachukua wengi. Waliobaki walikuwa wachache, na kati yao jogoo alikuwa mmoja.

Huyo ndiye jogoo ninayemzungumzia. Alikua akawa mwekundu kama baba yake, mkia mweusi unaong'aa kijani ukipigwa na jua. Alikuwa wa nyumba mbili kweli kweli. Asubuhi alikula kwetu, mchana alivuka njia kwenda kula machicha, jioni alirudi. Jirani alimwita "mwanangu" bila aibu, na mtu akithubutu kumtania kuhusu ngazi alikuwa mkali. "Ngazi ni ya kwenu," alimjibu. "Huyu ni bwana mkubwa."

Wazo la maonyesho lilikuwa la bwana mifugo. Kulikuwa na siku ya wakulima na wafugaji pale Vwawa, na kwa kuku wa asili kulikuwa na shindano la jogoo bora. Alisema majaji hawatazami ukubwa peke yake. Wanataka ndege mwenye afya, aliyesimama vizuri, anayekubali kushikwa.

Basi nikaanza kumfundisha. Nikitoka shule nilimweka juu ya kigoda, nikamshika kifua, nikahesabu taratibu, nikampa punje ya mahindi. Mwanzoni alinidonoa hadi vidole vikawa na makovu. Kidogo kidogo akazoea. Nilimpeleka barabarani asikie malori. Nilimsimamisha kwa jirani walevi wakiimba. Bibi alisema jogoo anayevumilia nyimbo zile hawezi kutishwa na jaji. Siku moja kabla, tulimwosha miguu kwa sabuni na mswaki wa zamani, tukampaka mafuta ya alizeti, na jirani akamfuta manyoya kwa kitambaa chake cha kichwa.

Uwanja wa Vwawa ulikuwa umejaa. Muziki wa vipaza sauti, harufu ya mishikaki, ng'ombe wa maziwa wamefungwa kwenye kivuli cha turubai. Upande wa kuku, niliona jogoo mmoja wa kunitia hofu. Alikuwa kuchi mweupe mwenye madoa, mkubwa kuliko wetu, ameletwa na mwanamume kutoka Kamsamba, kule bondeni kwenye joto na mpunga, ambako kifaranga hajui baridi ni nini. Mwanamume huyo alitusalimia kwa heshima, akasema wetu ni mzuri, na nilijua anasema hivyo kwa sababu ana uhakika wa kushinda.

Vijana walikusanyika. Unajua kuchi ana sifa ya kupigana, na wawili wakiwa mahali pamoja watu hutaka kuona. "Waachieni kidogo," mmoja alisema. "Tuone nani mwanaume." Wengine wakaanza kuwekeana dau. Mwanamume wa Kamsamba alicheka tu, hakukataa.

Bibi alisimama mbele yangu. "Wanangu," aliwaambia, "huyu nimemlea kwa matofali ya moto. Sikumleta apigwe."

"Bibi, unaogopa."

"Ndiyo, naogopa," alisema bibi. "Rudini nyuma."

Walirudi nusu hatua. Lakini katika kusukumana kamba ya yule mweupe ilikatika, akaruka juu ya meza, mabawa wazi, moja kwa moja kwa jogoo wetu. Sikufikiri. Nilimkumbatia jogoo wetu kifuani, nikageuka nikampa yule mweupe mgongo. Kile kikucha kigumu cha nyuma ya mguu wake kilinichana mkono kutoka kiwiko karibu hadi kifundo. Nilisikia joto la damu na nikasikia moyo wa jogoo ukigonga kwenye mbavu zangu. Hakujitahidi kutoka. Jirani alimdaka yule mweupe kwa miguu yote miwili, akamning'iniza kichwa chini, akamkabidhi mwenyewe kama anayempa mtu debe la maji.

"Shika mali yako, baba," alimwambia.

Bwana mifugo alinifunga mkono kwa bandeji. Bibi aliuliza kama nataka kurudi nyumbani. Nilimwambia sitaki. Nilisema nitamsimamisha mwenyewe, na nilipomwona anavyonitazama nilijua hatakataa.

Majaji walikuwa wawili. Yule mweupe alipimwa akawa mzito kweli kweli, lakini alikuwa bado na hasira, na jaji aliponyoosha mkono kumshika bawa alidonolewa hadi akaruka nyuma. Wetu nilimweka mezani, nikamshika kifua, nikahesabu kimoyomoyo. Alisimama. Alinyoosha shingo yake yote, akatazama watu kama anayetafuta mtu anayemjua. Jaji alimfungua mdomo, akainua mabawa, akapapasa miguu, akambonyeza kifua. Hakutikisika. Kisha, bila kuombwa, akawika wimbo wake mfupi wa kukwaruza, uwanja mzima ukacheka, na jaji naye akacheka.

"Jogoo wa nani huyu?" aliuliza, kalamu mkononi.

Bibi alifungua mdomo, kisha akageuka kumtafuta jirani, aliyekuwa amejificha nyuma kidogo kwa sababu alivaa nguo za kazi. Akamshika mkono akamvuta mbele.

"Wa huyu na mimi," alisema. "Na mtoto huyu ndiye mwalimu wake."

Tulishinda. Zawadi ilikuwa toroli jipya, la kijani, tairi lake halijawahi kugusa tope. Mwanamume wa Kamsamba alikuja kutupongeza, akaniomba radhi kwa ajili ya mkono, kisha akaomba kumnunua jogoo wetu. Bibi alikataa, lakini baadaye, mvua zilipoisha, mwanamume huyo alikuja nyumbani na mchele wa kwao, akaondoka na vifaranga waliotokana na jogoo huyo, baada ya kuulizwa maswali yote ambayo bibi mwenyewe aliwahi kuulizwa Tunduma.

Gari lililoturudisha lilituacha barabara kuu. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa miguu, njia ya vumbi kati ya mashamba ya kahawa. Bibi alikuwa amechoka, kwa hiyo jirani alisukuma toroli, na ndani ya toroli tulimsimamisha jogoo juu ya gunia. Sikumfunga kamba. Nilitembea kando yake na mkono wangu wa bandeji, naye alisimama njia nzima kama diwani aliyekuja kukagua barabara. Bibi alianza wimbo wa kwaya. Jirani, ambaye hakuwa ametia mguu kanisani tangu nimjue, aliufahamu wote, na akaimba sauti ya kwanza.

Jogoo alizeeka na kufa kifo cha kawaida, chini ya mibuni. Bibi naye amelala karibu na hapo sasa, kwenye ardhi yake. Jirani alihamia kwa mwanawe, nikapata habari za msiba wake nikiwa mbali. Jiko la nyasi halipo, mahali pake pana nyumba ya bati ya mjomba, na njia ile ya vumbi imepanuliwa. Siku hizi vifaranga huletwa na mabasi kwenye maboksi yenye matundu, wanakua haraka na wanaliwa haraka, na kuchi wanauzwa kwa picha za simu kwa watu ambao hawajawahi kuulizwa watamlaza wapi. Sisemi ni vibaya. Watu wanakula na watoto wanasoma.

Ila nimefanya mengi tangu hapo, nimesoma, nimefungua duka, nimepewa vyeti vilivyotundikwa ukutani. Sijapata tena kutembea kama nilivyotembea jioni ile, watu wakiacha majembe na kutoka mashambani, wakipanga mstari pande zote mbili za njia, kisha mmoja akauliza ni mtoto wa nani anayetembea na jogoo yule, na wanawake wawili wakajibu kwa pamoja kwamba ni mtoto wao.